Kiti cha Utingo

Ssemwogerere wa Ntinda alilizunguka gari lake
mara mbili, kalamu sikioni,
akihesabu mikwaruzo: kumi na saba.
"Wa kumi na nane ni wenu," akasema, tukatia sahihi.
Ndani mlikuwa na kitanda cha kukunja, jiko la gesi,
sinki ambayo maji yake huja ukikanyaga,
na mapazia ya kitenge yaliyopauka upande wa jua.
Nikavigusa vyote, kama bibi harusi
anayekagua jiko la mama mkwe.

Miaka thelathini na mmoja, Araali,
ulilala barabarani bila mimi.
Malaba, Naluwerere, Elegu, Bunia:
niliyajua maegesho yako kwa majina
kama wengine wanavyowajua wake wenza.
Nami niko Busia, nauza sukari iliyopita njia za panya,
najiuliza, hivi magurudumu hulalaje?
Basi kiinua mgongo kilipoingia
sikutaka mabati. Nilitaka hili,
siku tatu, na mafuta juu yetu.

Hoima tuliiacha asubuhi, juu ya lami nyeusi tii,
lami ya watu wa visima.
Halafu Kigorobya, halafu vumbi,
halafu nchi ikaisha.
Chini kabisa, Mwitanzige,
ziwa linaloua nzige, ndivyo wasemavyo kwenu,
kwani wakijaribu kulivuka huchoka katikati.
Sikuona nzige. Niliona maji
ya rangi ya sufuria iliyosuguliwa kwa majivu,
na ng'ambo milima ya Kongo imekaa
kama watu wasiodaiwa na mtu.
"Nyuma ya ule wa pili," ukanyoosha kidole,
"springi ilinikatikia. Wiki mbili, mihogo mitupu."
Mwaka gani huo? Hukuniambia.
Nilikuwa nikikuandalia nini wiki hizo?

Tukateremka kwa gia ya kwanza, breki zikinuka.
Mgunga mmoja ukatuchora ubavuni
na wote wawili tukasema, kwa pamoja, "Kumi na nane."

Kibiro, wanawake wameinama kwenye bustani
zisizoota hata jani.
Wanakwangua udongo, wanautandaza, wanaukwangua tena
hadi ukubali kutoa chumvi.
Bi Kabahenda alinionjesha kwenye ncha ya kidole.
"Hii sehemu aliniachia mama," akasema,
"naye aliachiwa na mamake."
Akalitazama gari letu, mapazia, sinki.
"Na hiyo, mtamwachia nani?"
Nikamwambia ni ya kukodi.
Alicheka mpaka akaweka kikwangulio chini.

Siku ya pili tulipanda tena, tukashukia Butiaba.
Muziri wameanikwa mchangani, wembamba kama sindano,
korongo wanasimama pembeni kama makarani wa ushuru.
Nilikaanga sangara kwenye jiko la Ssemwogerere,
nikakanyaga, maji yakaja,
nikakanyaga tena bila haja yoyote.

Usiku nikatandika. Shuka za harusi ya binti yetu,
nilizibeba makusudi.
Ukageuka huku, ukageuka kule,
kisha ukaamka taratibu ukadhani nimelala,
ukapita mbele, ukakaa nyuma ya usukani,
mkono kwenye ufunguo, sikio kwenye tangi,
kama kule Naluwerere wanakofyonza dizeli.
Robo tangi, Araali. Nani aibe robo tangi?

Nilingoja kidogo. Nilikasirika kidogo pia,
kitanda tumekilipia.
Kisha nikaburuta shuka mpaka mbele
nikakaa kwenye kiti cha utingo.
Hakuna aliyewahi kuniambia
kwamba kile kiti kina waya unaochoma paja.

Yapata saa kumi, bila kufumbua macho,
ukaniita kwa jina la paka nililopewa kwenu:
"Abwooli. Hebu angalia kioo cha nyuma."
Nikaangalia. Kiboko anakula nyasi, mwezi, maji.
"Hakuna mtu," nikasema.
Mkono wako ukauachia ufunguo,
ukakoroma, mdomo wazi,
nami nikabaki zamu.